Kiti cha Koplo Kefa

Khisa alikuwa mtoto wa mjane. Mama yake, Tryphosa, alimlea huko Bungoma kwa kulima mashamba ya watu, na kile alichokosa kumpa kwa mali alimpa kwa adabu. Alimfundisha kutogusa chakula kabla ya wakubwa na kutoinua sauti mbele ya mtu aliyemzidi umri. Zaidi ya yote alimfundisha heshima ya wakwe. Kifua cha baba mkwe hakitazamwi kikiwa wazi. Mwili wake haushikwi. Kitanda chake hakilaliwi na kiti chake hakikaliwi. Na mkwe akikukaribisha kwa wema uliopita kiasi, unashukuru na kukataa. Amekukaribisha ili ukatae, na katika kukataa huko kila mmoja anampa mwenzake heshima yake.

Haya Khisa aliyajua vizuri. Naanza hapo kwa sababu wako wanaomtetea kwa kusema kwamba kijana hakufunzwa. Alifunzwa.

Alikuja Nyeri miaka michache baada ya Uhuru, akapata kibarua cha kubeba magunia katika kiwanda cha kahawa upande wa Tetu. Shingo yake ilikuwa pana kuliko kichwa, na gunia ambalo wengine walilibeba wawili yeye alilitupa begani peke yake. Jumapili alishuka Ruring'u kwa ibada ya watu waliotoka magharibi ya nchi kama yeye, na huko ndiko alikomwona Nasirumbi, binti wa Koplo Kefa.

Kefa alikuwa askari polisi mstaafu, mjane, mtu mwembamba wa miguu na mpana wa mabega. Alipostaafu aliajiriwa na mfanyabiashara mmoja aitwaye Wamae kulinda stoo yake usiku, akapewa chumba nyuma ya stoo hiyo akae na binti yake. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, kiti cha mvule chenye mikono, ambacho askari wenzake walimchangia siku alipovua sare.

Khisa alipokwenda kujitambulisha, Kefa aliinuka kutoka kwenye kiti hicho akasema, "Kaa hapa, mwanangu. Umetembea kutoka Tetu."

Khisa alishukuru, akavuta kreti ya soda akaketi juu yake. Kefa akarudi kitini, na kwa juma zima aliwasimulia majirani habari za kijana aliyejua kukataa kiti. Hata hivyo, binti hakumpa. Alimwambia wazi kwamba Nasirumbi hataolewa na kibarua anayelipwa kwa siku. Atafute kazi yenye sare, kisha arudi.

Kazi yenye sare ilikuja kwa njia ya mchezo.

Wamae alikuwa na bucha, baa na malori mawili, na tamaa iliyozidi vyote hivyo. Muuzaji mmoja wa magari alimwachia gazeti la picha kutoka Japani, na humo Wamae aliona wanaume wanene wakisukumana ndani ya duara huku umati umejaa hadi paa. Aliulizia, akaambiwa kwamba Wajapani hupigana mieleka siku kumi na tano mfululizo. Kila mtu hupigana mara moja kwa siku, kila siku na mpinzani mpya, na anayetoka nje ya duara au kugusa ardhi kwa chochote isipokuwa nyayo ameshindwa. Wamae akaona kwamba mtu ambaye angelipa kiingilio mara moja angeweza kulipa siku tisa.

Alikodi uwanja wa Ruring'u, uwanja ule ule ambapo wapiganaji wa uhuru waliotoka msituni waliweka silaha zao chini. Akamwaga unga wa mbao katikati, akauzungushia duara la kamba ya katani. Akakusanya wanaume kumi, Khisa akiwa mmoja wao, kwa mkataba wa mshahara na nyama kila siku. Mishipi yao aliikata kutoka turubai la lori. Alikuwa ameona pia kwamba Wajapani hurusha chumvi kabla ya kushikana, basi akaleta ndoo ya chumvi ya ng'ombe. Siku ya tisa, ya mwisho, wote kumi wangekuwa wamekutana.

Mtu wa kumi alijiondoa kabla ya kuanza, na Wamae akakumbuka kwamba mlinzi wake aliwahi kuwa bingwa wa mieleka katika polisi. Kefa alimwambia kwamba umri wake umepita. Wamae alimuuliza chumba anachokaa ni cha nani. Kefa akaenda kupimwa mshipi.

Kwa Khisa jambo kubwa lilikuwa jingine. Afisa wa michezo wa kikosi kimoja cha serikali alikuja Nyeri kutafuta mwanamieleka wa timu yake, akakaa kwenye benchi la mbele na sweta yake ya kijivu. Aliwaambia wote kumi bila kuzunguka, "Mimi nitakuwa hapa mpaka Jumapili. Atakayefika hapo bila kushindwa, Jumatatu anapanda gari na mimi. Sare, nyumba, kila kitu."

Mashindano yalifunguliwa Alhamisi, katika manyunyu na baridi ya mwezi wa saba. Khisa alipangwa na Mutahi, mchuma chai kutoka Kianyaga, akamsukuma nje kabla watu hawajamaliza kukaa. Kisha Kefa akaitwa apambane na Ndungu, mkata nyama wa Wamae. Mzee alipovua koti, Khisa aligeuka akampa duara mgongo, akatazama upande wa vyoo.

"Ebu ona huyu," mtu mmoja akasema nyuma ya kamba. "Kwani choo iko na sinema?"

Wakacheka. Khisa hakugeuka. Alijua matokeo kwa kelele tu. Ndungu alikuja kama fahali, Kefa akapiga hatua moja kando, na mkata nyama akapitiliza mpaka nje kwa uzito wake mwenyewe. Umati ulimpenda mzee huyo papo hapo, kama mtu anavyopenda kuku atakayemchinja kesho.

Ijumaa Kefa alitupwa chini na kijana wa nusu ya umri wake, akaondoka akichechemea. Khisa alishinda tena, na tena alitazama vyoo wakati wa zamu ya mzee. Jumamosi alimnyanyua Muriithi, mpakiaji wa malori aliyeogopwa kuliko wote, kwa kumshika mshipi, akamweka nje ya kamba kama anayeweka mtoto kitandani. Jioni hiyo kati ya wote kumi alikuwa amebaki yeye tu ambaye hajashindwa.

Wacera, aliyewapikia wanamieleka, alikuwa mwanamke mwema asiye na breki ya ulimi. Wamae aliingia jikoni mwake jioni hiyo, akauliza kwa nini huyu kijana wa Bungoma anatazama vyoo. Wacera akamweleza kwa fahari. Alisema huyo ni kijana mwenye adabu, anamposa binti wa mlinzi, na kwao mtu haoni kifua cha baba mkwe wala hamgusi, kama vile kwetu mtu anavyostahi wathoni, yaani wakwe zake. Vijana wetu wangejifunza kwake, alisema.

Wamae alicheka mpaka akaweka chini mfupa aliokuwa akiula.

Kabla ya giza kuingia gari lake lenye kipaza sauti lilikuwa limepita mjini na kupanda hadi Tetu, likitangaza kwamba Jumapili baada ya kanisa mkwe atapigana na mkwe.

Khisa alimfuata Wamae kwenye bucha, kofia mkononi. Aliomba apewe mtu mwingine yeyote, hata wawili kwa pamoja. Wamae aliendelea kunoa kisu.

"Wewe si uliweka kidole kwa mkataba, ati utapigana na kila mtu? Mkwe pia ni mtu. Ukikataa umeshindwa. Hiyo ni sheria ya Japani."

Baadaye nilisoma habari za mchezo huo, nikaona kwamba katika mashindano yao ya kawaida Wajapani hawapangi ndugu wa tumbo moja wala wanaoishi na kufunzwa nyumba moja. Kuna mambo ambayo hata mchezo wa kulipwa huyaheshimu. Sheria hiyo Wamae hakuiiga.

Jumapili walikuja moja kwa moja kutoka makanisani, vitabu vya nyimbo mkononi. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa hakuna mtu mzima wa Nyeri asiyejua maana ya uthoni, heshima ya wakwe. Akina mama ambao wangejitupa kwenye majani ya chai wasikutane na mkwe wakiwa wamevaa nguo ya shambani, siku hiyo walinunua njugu wakakaa mbele. Dhambi ya mgeni ni tamu kutazama.

Kefa alikuja amevaa fulana nyeupe iliyofuliwa na binti yake asubuhi hiyo, akitumaini kwamba kitambaa kingesitiri kitu. Moffat, aliyeshika kipaza sauti, alitumwa na Wamae amvue. Mzee aliinua mikono kama mtoto anayeogeshwa. Nasirumbi alisimama kando ya kamba akiwa ameshika koti la baba yake.

"Huyu mzee ndiye atatoa bibi," Moffat alitangaza. "Tuone kama atatoa."

Filimbi ikalia. Khisa alisimama macho chini. Kefa alisimama mikono pembeni. Hakuna aliyesogea. Vikaanza kurushwa vigunzi vya mahindi, na kimoja kikampiga Kefa sikioni. Mwanamke mmoja akauliza kama wanangoja padri. Wamae akapiga kelele kutoka kwenye benchi lake kwamba washikanishwe kwa nguvu, na Moffat akawasukuma hadi wakabaki kifua kwa kifua, akazichukua ngumi mbili za Khisa, akazibandika kwenye mshipi wa mzee.

Hapo Kefa akasema kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, "Nishike, mwanangu. Nishike unitupe, uende na kazi yako."

Ilikuwa sauti ile ile ya siku ya kiti.

Khisa mwenyewe alikuja kumsimulia Wacera maneno hayo, na jinsi alivyoinua macho akamwona yule afisa anatazama saa yake. Angeweza kushukuru na kurudi nyuma hatua mbili, akatoka nje ya kamba, akashindwa. Kiti alikikataa bila taabu. Hili hakulikataa, kwa kuwa kiti hakikuwa na mshahara.

Alikaza vidole. Na baada ya kushika hakujua kushika nusu. Alifanya kile ambacho mwili wake ulifanya kila siku kiwandani: alinyanyua, akazunguka, akatupa. Kefa aliangukia nyonga nje ya duara, mahali ambapo unga wa mbao uliisha na ardhi ngumu ikaanza.

Mlio wa kuanguka huko ulisikika hadi nyuma. Mtu mmoja akasema, "Gunia moja imeingia stoo," na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko.

Nasirumbi alipita chini ya kamba, akamfunika baba yake kwa koti kuanzia kifuani, akaketi chini akiwa amempa Khisa mgongo. Afisa alikuja akampiga Khisa begani. "Kesho asubuhi," alisema, "usichelewe."

Mashindano yaliendelea mpaka siku ya tisa na watu waliendelea kulipa. Nyonga ya Kefa haikupona. Mlinzi asiyeweza kusimama hana kazi, kwa hiyo Wamae alimpa mtu mwingine chumba, na mzee na binti yake wakahamia chumba kidogo cha kupanga upande wa chini wa Ruring'u, wakiwa na kile kiti na kreti.

Khisa alirudi alipomaliza mafunzo. Alikuja na sare iliyopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, kilo za sukari na blanketi jipya. Alikuwa na kila kitu alichoambiwa akatafute. Majirani wa Kefa, ambao kuta zao zilikuwa za mbao, walisikia yote.

Kefa alikuwa kitini. Alishika fimbo, akajikokota akainuka, jambo ambalo lilimchukua muda na lilimuuma, na hakukubali kusaidiwa.

"Karibu, afande," alisema. "Kaa hapa."

Khisa alimwomba akae, akamwita baba, akasema yeye angekaa pale penye kreti. Kefa alibaki amesimama.

"Siku ile nilikukaribisha kiti ukakataa. Nikawaambia watu, huyu ni mwanangu. Uwanjani nikakukaribisha mwili wangu."

"Ni wewe uliyeniambia nikushike, baba."

"Na kiti siku ile, nani alikuambia ukikalie? Si ni mimi, na ulijua kukataa?"

Nasirumbi alitoka pembeni akiwa na leso, akafuta kiti mgongo na mikono, kama anavyofutiwa mgeni wa serikali.

"Kalia, afande," Kefa alisema. "Sasa inafaa. Mgeni hukalia kiti."

Khisa akaketi. Nasirumbi akamletea chai katika kikombe cha wageni, akamuuliza kama barabara ilikuwa na matope. Baba yake aliinama taratibu mpaka akafika kwenye kreti. Khisa alikunywa chai yote, kwa kuwa hata hilo alifunzwa na mama yake, akashukuru. Alipoondoka, Nasirumbi alimsindikiza hadi mlangoni tu, kama anavyosindikizwa mtu aliyeingia kuuliza njia.