Nyekundu Mbili za Noeline

Tangu Noeline Trewhella aondoke, hakuna mtu ofisini anayesema "hapana" kwa sauti. Yeye alikuwa akilisema akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mwenzake, kikombe cha chai mkononi: "Hapana. Hiyo bluu imechoka." Tukiitazama, kweli imechoka. Sasa tunafanya kazi kimya, na bluu zetu zinapita tu.

Alikuwa mbunifu wa kurasa za simu hapa Warrnambool, mji wa pwani ya Australia, kabla yetu sote. Jicho lake ndilo lililomlisha. Mwaka ule tulikuwa tukitengeneza programu ya simu ya chama cha waokoaji wa pwani: ramani ya kuonyesha bendera za rangi nyekundu na njano zimesimikwa wapi leo. Watu huogelea katikati ya bendera hizo, maana ndipo waokoaji wanapotazama. Nje ya hapo, mawimbi yana mambo yao. Ilibidi iwe tayari kabla ya doria za kiangazi kuanza.

Kila rangi na kila herufi ilitakiwa ifungwe kwenye maktaba ya pamoja ya mitindo, inayotunzwa na wenzetu wa Melbourne. Wao wakibadilisha mtindo mara moja, unabadilika kila mahali ulipofungwa. Kufunga mchoro mmoja mmoja kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo tulimpa wakala wa akili mnemba. Noeline alimwandikia: funga kila kitu kwenye mtindo wa maktaba unaolingana nacho. Kazi ilipokwisha, alikagua kurasa zote kwa jicho. Hakuna kilichosogea wala kufifia.

"Safi," akasema, neno ambalo hatukulizoea kutoka kwake.

Wiki ya mwisho kabla ya doria kuanza alipiga simu Stav Mandilas, mwokoaji wa kujitolea aliyekuwa akitujaribia programu. Upepo wa pwani ulikuwa unameza maneno yake.

"Noeline, mama, bendera zangu mmezifanya nini?"

"Zina nini?"

"Za zambarau! Zambarau na njano. Hii doria au karamu ya Pasaka?"

"Acha utani, Stav. Sijazigusa."

"Basi zimejigusa zenyewe. Mtu akitafuta nyekundu hapa ataogelea mpaka New Zealand."

Noeline alifungua ramani. Zambarau. Akanitazama kana kwamba mtu ameingia nyumbani kwake akahamisha milango. Tukampigia Hamish, mtunza maktaba ya mitindo huko Melbourne.

"Jana tulibadilisha nyekundu ya makosa kuwa zambarau," Hamish alisema. "Ile inayotokea mtu akikosea nywila. Wengi walikuwa hawaisomi vizuri."

"Bendera si nywila, Hamish."

"Najua, dada. Bendera zina mtindo wao, unaitwa Doria, na huo hatujaugusa. Nyinyi mmezifunga kwenye Kosa."

Mitindo miwili, nyekundu ileile. Huko Melbourne rangi hupewa jina kwa kazi yake, si kwa sura yake. Noeline akamwuliza wakala kwa nini amechagua Kosa. Jibu likaja bila kusita wala haya: "Nilitafuta mtindo wenye rangi sawa na ya bendera. Wa kwanza niliouona ulilingana kabisa."

"Hajadanganya," Noeline alisema. "Nilimwambia unaolingana. Sasa amekosea nani?"

Swali hilo ninalo hadi leo.

Alizifunga bendera zote kwenye Doria kwa mkono wake, akikataa kusaidiwa. Zikarudi kuwa nyekundu. Kisha akafanya jambo lililonitia hofu: akafungua nakala ya zamani, ya kabla ya Melbourne kubadilisha chochote, bendera zake zikiwa bado kwenye Kosa, akaiweka kando ya mpya: nyekundu huku, nyekundu ileile kule. Akavaa miwani, akaivua. Akasogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Niambie ipi mbovu."

"Huwezi kuona hivyo. Lazima ubonyeze, usome jina."

"Sikuuliza la kufanya. Nimeuliza ipi mbovu."

"Sijui, Noeline."

"Hata mimi sijui," alisema polepole. "Zamani kitu kibovu kilionekana kibovu."

Programu ilitoka kwa wakati, na watu waliogelea katikati ya bendera. Bosi alimwambia kukosea ni kawaida, akaweka kanuni: wakala apewe jina la mtindo, si rangi. Noeline akaitikia. Lakini tangu hapo akawa anabonyeza kila kitu, hata mstari mweupe juu ya weupe, akisoma jina, akirudi kulisoma tena kama mtu aliyesahau kama amefunga gesi. Ukimwita aje atazame rangi, alibaki kitini na kuuliza, "Inaitwaje?" Kazi zikarundikana. Nilijaribu kumwambia jicho lake halina kosa. Akanijibu kwamba hilo hasa ndilo linalomchanganya.

Kiangazi kilipokwisha aliandika barua ya kuacha kazi. Sasa anaishi kwa dada yake Portland, mji mwingine wa pwani hii hii, na anauza miche kwenye kitalu kilicho njia ya kwenda bandarini, ambako mche ukiugua hunyauka mbele ya macho.