Nisaidie na Dawa ya Kupe

Mwaka wa 1984, mvua ya mwezi wa tatu ilipowakataa wakulima wa Kitale, Jentrix Nasimiyu wa Kibomet, mama yake Absalom, alianza kazi ambayo hakutumwa na mtu: kuazima dawa ya kupe, ile sumu ya kuogeshea ng'ombe. Kisimani alisikiliza wanawake wakisema mume wa fulani hali chakula, haongei, hata watoto hawakaripii tena. Kesho yake alibisha hodi kwa huyo fulani. "Nisaidieni na dawa ya kupe." Nani humnyima jirani? Chupa alizifungia ndani ya sanduku la chuma, akasahau makusudi kuzirudisha.

Hakufundishwa na daktari. Miaka minne nyuma, kwao Matulo upande wa Bungoma, kaka yake Mukhisa alikaa mlangoni wiki mbili akitazama mahindi yaliyokauka. Jentrix alikwenda kumwona, akamwambia neno wanaloambiwa wanaume wote, jikaze, kisha akapanda basi la asubuhi. Habari zilimfikia Kitale kabla hajafua nguo za safari: Mukhisa amekunywa dawa ya kupe. Walimzika Mukhisa harakaharaka bila mahubiri, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake.

Mwezi wa saba jirani yake Chesang alikuja mbio, leso mkononi.

"Mama Absalom, Baba Jeruto amegawa jembe zote. Ati hana kazi nazo. Naogopa kukaa na yeye, naogopa kumwacha."

Baba Jeruto ndiye Kemboi, mume wa Chesang. Jentrix alimkuta amekaa nje ya nyumba, amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Ilikuwa Jumanne.

"Baba Jeruto, nisaidie na dawa ya kupe."

"Nyinyi Wabukusu mnaomba hata majivu."

"Na nyinyi Wanandi mnanyima hata majivu."

Kemboi alicheka kidogo, akaacha ghafla. "Ng'ombe yako si ilikufa? Unaogesha nini, mbuzi ya padre?"

Jentrix alisogea hatua moja karibu.

"Mchezo wako tunaujua, mama. Ukibisha kwa mtu, huyo amehesabiwa wazimu."

Akainuka, akaingia ndani. Komeo likalia. Jentrix alisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, halafu hakusikia kitu. Nyuma yake Chesang alikuwa ameuma leso. Neno jikaze lilimjia Jentrix lenyewe mpaka ncha ya ulimi, akalimeza kama mwiba.

"Baba Jeruto," aliuambia mlango, "sina ng'ombe. Naogopa. Ndugu yangu alikaa hivi hivi, mimi nikaenda kupanda basi. Leo siendi mahali. Nisaidie."

Aliketi kizingitini.

"Unaogopa mimi?" sauti ikauliza.

"Naogopa kukuzika."

Kisha Kemboi akasema polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani, "Hata mimi naogopa. Asubuhi ndiyo mbaya. Nikifungua mlango, lile shamba linaniangalia."

Komeo likalia tena. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, na mkono ukatoa chupa, kifuniko chake bado kimekazwa.

"Usinirudishie. Hata nikikuja na ukali."

"Utakuja?"

"Asubuhi ikinishika, nitakuja."

Jentrix aliipokea kwa mikono miwili. Siku hiyo hakurudi kwake mpaka giza. Alishinda na Chesang wakichambua maharagwe machache kwenye ungo, Kemboi akiwa mbele ya macho yao. Usiku wa kwanza ulipita, na wa pili. Mvua haikuja. Kila mbwa alipobweka upande wa kwa Kemboi, Jentrix alikaa kitandani akisubiri kilio.

Siku ya tatu, jua halijachomoza, Jentrix alifungua mlango akamkuta Kemboi amesimama uani, macho mekundu, mikono mitupu.

"Umefuata nini, Baba Jeruto?"

Kemboi alisogea mlangoni.

"Kiti," akasema. "Asubuhi imenishika, nikae hapa kidogo."