Mbuzi wa Ukutani

Watu walimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kupiga mstari bila kuegemea kitu kilichonyooka. Alikuwa mchora mabango: maduka, zahanati, milango ya malori. Herufi zake zilisimama kama askari gwarideni. Wateja walimsifu huku wakimlaani, maana bango la siku mbili alilikwangua akalianza upya hata wenye maduka wakafungua biashara isiyo na jina. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mwaka aliooa alianza kuchora sura ya mkewe kwenye ubao. Akaichora, akaifuta, akaichora tena. Mkewe alizoea kumtania, "Mimi nazeeka, mwenzangu wa ubaoni hata pua hajapata."

Hawakujaliwa watoto. Walikuwa wawili tu, hadi siku mke alipokuwa akianika nguo, kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito. Mdogo wake akaja kumuuguza. Wakakigeuza kitanda ili alalie ubavu wake mzima, na hapo akawa anatazama ukuta mtupu kutwa kucha.

"Shemeji," mdogo mtu alisema, "wewe si fundi? Mchoree dada kitu. Chokaa hii itamuua kabla ya ugonjwa."

Rula akachora mto wenye miti. Kulipokucha akaona mti mmoja umeinama, akapaka chokaa juu ya yote. Akachora ndege, bawa halikumridhisha, akafuta. Wiki zikayoyoma. Ukuta ukazidi kuwa mweupe, na mgonjwa akazidi kuisha.

Alasiri moja, Rula akiwa ameshika tambara lenye mafuta ya taa tayari kufuta tena, mkewe alinyoosha mkono wa kushoto.

"Lete."

"Nikuletee nini? Maji?"

"Brashi."

Akampa. Mkono ukatetemeka, ukaburuta rangi ya kahawia. Mstari ukapanda, ukashuka, ukaishia kwenye doa.

"Nini hiki?"

"Mbuzi."

"Mbuzi gani hana miguu?"

"Kalala."

Rula akacheka, kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. Akamvisha mbuzi kofia. Mke akamwongezea ndevu hadi sakafuni. Siku zilizofuata wakamchora mwenye nyumba akiwa na meno ya mamba, na mdogo mtu akiwa amepanda sufuria kama farasi. Rula hakupima chochote. Shemeji yake aliwasikia kutoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi, akalia.

Lakini mazoea yana taabu. Siku moja mkewe alipopitiwa na usingizi, Rula alibaki akimtazama yule mbuzi. Mgongo wake ulimkera. Akajiambia ataunyoosha kidogo tu, hapo juu. Alipokuja kuweka brashi chini, mbuzi alikuwa na miguu minne sawasawa, kwato, na kivuli upande unaostahili. Mbuzi hasa.

Mke akaamka. Akautazama ukuta.

"Wangu yuko wapi?"

"Si huyu huyu, mke wangu? Nimemrekebisha tu."

"Umenifuta."

Hakugusa brashi tena. Rula aliomba radhi, akajaribu kuurudisha mstari ulivyokuwa. Hakuweza. Mkono uliofunzwa miaka yote kunyooka haukujua kutetemeka vile. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, akajaribu akiwa amefumba macho. Mke akageuza uso, akatazama dari. Kisha kiharusi cha pili kikaja, na mkono wa kushoto nao ukaenda.

Ndipo Rula alipomwacha mbuzi. Akaketi karibu na kitanda, akawa anachora lolote linalomjia: jogoo mwenye viatu, mwezi wenye masikio, bibi harusi amebeba tairi. Rangi zilichuruzika, naye hakuzipangusa. Machozi yalimtoka ila mkono haukusimama. Mkewe alifuata kwa macho. Mara moja tu midomo ilitikisika, Rula akainama.

"Baya," alinong'ona.

"Baya sana," Rula akakubali. Hakujua kama ulikuwa utani au hukumu, na hakupata nafasi ya kuuliza. Asubuhi iliyofuata mkewe alikata roho, mdogo wake akimlowesha midomo kwa maji.

Waombolezaji walipoanza kuingia, jamaa mmoja alishauri ukuta ule ufunikwe kwa shuka, ni aibu. Rula akamjibu, "Atakayeugusa, achimbe makaburi mawili."

Ila chumba hakikuwa chake. Msiba ulipokwisha, alirudi kutoka kazini akakuta harufu ya chokaa mbichi.

"Nimekusaidia," mwenye nyumba alisema. "Watoto walikuwa wameuchafua."

"Hatukuwa na watoto," Rula alisema.

Alihama mwezi ule ule. Shemeji yake alipokwenda kumsalimu huko alikohamia, alikuta mizigo bado imefungwa, na ukuta mzima umejaa buluu iliyochafuka.

"Na hii ni nini, shemeji?"

"Sijui bado. Chukua brashi."

Shemeji akasema hana moyo wa kuchora. Rula hakumlazimisha. Akachovya, akaendelea peke yake.