Madam na Mazimwi Yake

Siku ya kwanza nilipoingia katika nyumba ile ya Auderghem, Ubelgiji, nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo kabla hata sijavua koti. Wakala wa kazi alikuwa amenituma kumtunza bibi wa miaka themanini aliyevunjika nyonga. Hakuna aliyeniambia habari za korido yake. Kuta zote mbili zilijaa picha za rangi: maiti akitoka kaburini ameshika taa, mji ukiteketea chini ya miezi miwili, mtu mwenye kofia ya kioo akikimbia jangwani. Mwishoni, karibu na mlango wa jikoni, palikuwa na zimwi lenye kichwa cha mtu na mikono ya pweza, limemkumbatia baharia.

"Pita tu," bibi aliniita kwa Kifaransa kutoka jikoni. "Huyo haumi. Nilimchora nikiwa na mimba ya mwanangu. Asubuhi natapika, mchana nachora."

Nilimwita Madam. Yeye aliniita binti yangu, ingawa nilikuwa na miaka thelathini na minne. Mume wangu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mimi nilikuwa nimemfuata kutoka Tanga, na Kifaransa changu kiliishia kwenye salamu na bei za sokoni; maneno yake ya siku ile niliyaelewa baadaye, aliponisimulia tena.

Polepole nilielewa kazi aliyokuwa akifanya ujanani. Alichora majalada ya majarida ya bei rahisi, yale ya hadithi za kutisha, za uchawi na za safari za kwenda kwenye sayari nyingine. Yaliuzwa kwenye vibanda vya stesheni, watu wakayasoma ndani ya treni na kuyaacha kwenye viti. Alitia sahihi kwa herufi moja na jina la ukoo la mumewe, kwa sababu mchapishaji alimwambia hakuna atakayenunua zimwi lililochorwa na mama wa nyumbani. Mara nyingine picha ilitangulia, halafu mwandishi akaagizwa kutunga hadithi ya kuifuata.

"Na huyu mwenye mikono ya pweza, ulimtoa wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Kwa muuza samaki. Nilimlaza pweza kwenye sinia juu ya meza nikamchora mchana kutwa. Jioni tukamla. Alikuwa mgumu kama kiatu."

"Hukumponda?"

"Anapondwa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jumamosi iliyofuata nilinunua pweza sokoni Flagey, nikamponda, nikampika kwa nazi ya kopo. Madam alikula sahani mbili, kisha akasema amepoteza miaka hamsini.

Nilimsimulia kuhusu kaka yangu, aliyekuwa akinunua vijitabu vya majini kwa wauza magazeti wa mjini Tanga na kuvificha chini ya godoro, na mama alivyovichoma jikoni alipovikuta. Madam hakuuliza hadithi zilikuwaje. Aliuliza majalada yalikuwaje. Nikamweleza moja nililolikumbuka: mwanamke mzuri amesimama barabarani, gauni limepepea kidogo, na chini zinaonekana kwato. Alifumba macho akaitazama ile picha kichwani mwake.

"Kidogo tu," alisema. "Ameonyesha kwato kidogo tu. Mchoraji wenu anajua kazi."

Majarida yenyewe yalijaa kabati la sebuleni, nami nikawa namsomea kila alasiri. Ndiko nilikojifunzia Kifaransa. Nilijua kusema jeneza, laana na mnyonyadamu kabla sijajua kuomba risiti. Siku moja, ofisini kwa manispaa, nilimwambia karani kwamba kungoja kwangu kumekuwa mateso yasiyo na mwisho. Alicheka, akanihudumia. Madam alitaka nirudie kisa hicho kila juma.

Tuliishi hivyo karibu miaka minne. Kisha akaanza kuuliza mumewe atarudi saa ngapi, na mumewe alikuwa amekufa siku nyingi. Daktari alisema ni maradhi ya kusahau, na yataendelea.

Alasiri moja nilikuwa nakunja nguo niliposikia kelele. Nilimkuta katikati ya korido, amejibana ukutani, mikono imefunika tumbo.

"Nani amemruhusu huyu mnyama kuingia?"

"Madam, ni picha. Umeichora wewe."

"Mimi?" Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi siwezi kuchora kitu kama hicho. Mimi nina mtoto mdogo ndani."

Nilimpigia simu mwanawe, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mji wa Liège. Alikuja Jumapili. Alinieleza kwamba yeye mwenyewe alikua akiyaogopa mazimwi yale, na mama yake alikuwa akimbeba na kumgusisha vidole kwenye picha. "Ona, rangi tu," alikuwa akimwambia.

Alimshika mama yake mkono, akaupeleka kwenye turubai. "Ona, mama. Rangi tu."

Madam alipapasa. Uso wake ulitulia, na kwa siku tatu alipita pale bila shida. Siku ya nne alijikojolea kwa hofu mlangoni mwa jikoni.

Tuliziteremsha picha zote na kuziweka ghorofani. Ukutani zilibaki alama za mraba, nyeupe kuliko ukuta, na hizo nazo akaanza kuziogopa. Alisema ni madirisha, na kuna watu wanachungulia. Mwanawe alikuja na ndoo ya rangi, tukapaka korido nzima. Tangu siku hiyo Madam hakupiga kelele tena. Pia hakuzungumza sana. Nilipomsomea majarida alilala, au alinitazama mdomo bila kusikiliza.

Mwaka uliofuata akaja bwana mmoja mwenye duka la vitabu vikuukuu karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mvi kichwa kizima. Alikuwa amemtafuta mchoraji yule tangu ujana wake, akidhani ni mwanamume. Alikuja na jarida alilonunua akiwa na miaka kumi, limefungwa kwenye plastiki, na kalamu ya wino. Alitaka sahihi tu.

Alipiga goti mbele ya kiti. "Madam, kwa ajili ya jalada hili mimi nimeishi na vitabu maisha yangu yote."

Madam aliliangalia jarida. Akalipindua kifudifudi, akanipa mimi, akanong'ona, "Binti yangu, lipeleke nje."

Yule bwana alisimama akageukia dirishani. "Ningekuja mapema," alisema. Nilimpeleka jikoni, nikampa chai, nikamweleza yote niliyoyajua: mimba, pweza kwenye sinia, herufi moja ya sahihi. Aliandika kwenye daftari, akiniomba nirudie. Nilipokuwa nikiongea niligundua kwamba hakuna mwingine aliyebaki mwenye habari hizo.

Madam alifariki usingizini majani yalipoanza kuanguka. Baada ya maziko mwanawe aliteremsha picha kutoka ghorofani, akazipanga sakafuni, akaniambia nichague moja.

"Nyumbani kwangu hakuna ukuta wa kutosha," nilisema. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Niliona haya kuchukua kitu mbele ya mtu anayelia. Hakunishawishi. Baadaye nilisikia zimeuzwa mojamoja, nyingine nje ya Ubelgiji kabisa. Bado najuta.

Wakala alinipeleka kwa mzee mstaafu anayeishi nyuma ya Flagey. Wiki ya kwanza aliniuliza kama naumwa. Nikasema nimefiwa.

"Umefiwa na nani?"

Hakuwa mama yangu, wala bibi yangu. Nikasema ni mtu wa kazini, nikaenda kumchemshia supu.