Swali la Vidole

Sokoni Marani jina langu la ubatizo, Alfayo, walilisahau zamani. Wananiita Vidole. Ukinijia na mwiba wa mguuni, kwanza nakufunika jicho moja, nainua vidole na kukuuliza: hivi ni vingapi? Watu hucheka mpaka wakasahau mwiba. Wacheke tu. Jina hilo nililitafuta mwenyewe.

Mwaka wa sabini na saba kahawa ilikuwa dhahabu, na wezi wake walikuwa wengi kuliko wachumaji. Nyangate, mlinzi wa meza za kuanikia kahawa kiwandani, akabuni dawa yake: manati na zambarau mbivu. Mwizi akifyatuliwa, anabaki na doa, na kesho yake sokoni anajulikana. Tulimsifu kwa akili hiyo. Mimi nilimsifu kuliko wote.

Wakati huo nilikuwa dresa wa zahanati ya kanisa. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda na kufunga bendeji basi, lakini nilikuwa na koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, moja tu ndiyo iliyoandika. Mtu akiniita daktari, sikumkosoa. Ningemkosoaje mtu mwenye adabu zake?

Asubuhi moja akaletwa Tryphosa, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya shule za Marani. Alikuwa amekatiza njia karibu na kiwanda, na Nyangate akamfyatulia bila hata kuuliza ni nani. Uso mzima ulikuwa zambarau, na kiganja amekibana kwenye jicho la kulia. Mamake alikuwa akilia kwamba damu ya mtoto imegeuka nyeusi.

Nikalowesha pamba, nikafuta, nikanusa. "Mama, nyamaza, hii ni zambarau!" nikatangaza, foleni yote isikie. Foleni ikaangua kicheko, na kichwa changu kikavimba.

"Daktari, naona ukungu," Tryphosa akasema.

"Ni maji ya tunda hayo. Tangu lini mtu akaumwa na tunda?"

Wakacheka tena. Nikampa aspirini mbili, nikamwambia akapumzike. Akitoka, aligonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango. Nilimwona, nikadhani anadeka.

Siku ya tatu Adoyo, nesi wetu wa kutoka upande wa ziwani, alirudi kutoka likizo. Alipopita sokoni akamkuta Tryphosa ameketi mbele ya cherehani, hashoni. Akamshika mkono, akamleta zahanati. Hakumwosha wala hakumnusa. Alilifunika jicho la kushoto, akainua vidole vitatu.

"Dada, hivi ni vingapi?"

"Umeinua mkono?" Tryphosa akauliza.

Adoyo akashusha mkono.

"Mbona hukurudi, dada?"

"Niliogopa kuchekwa tena."

Adoyo akanigeukia. "Bwana Alfayo, siku ile ulimuuliza anaona nini?"

"Nilimwosha," nikasema. Lo! Jibu la mtu mzima hilo.

Akanivuta nitazame. Ndani ya jicho damu ilikuwa imetuama, imefunika mboni. Zambarau ina kokwa ngumu, jamani! Nimezitema tangu utotoni, na siku ile nikaona rangi tu.

Tulimpeleka hospitali mjini Kisii ameketi wima, jicho limefunikwa kikombe kigumu lisiguswe. Daktari, yule wa kweli, alisema angeletwa siku ile ile, huenda lingeokoka. Kisha akauliza nani aliyempa aspirini, maana inazidisha kuvuja damu. Nikatazama dari kwanza. Halafu nikasema ni mimi. Jicho halikupona.

Nyangate alipelekwa kwa chifu. Mimi sikupelekwa popote, na hilo liliniuma kuliko kama ningepelekwa.

Ilinichukua mwaka mzima kwenda kwenye cherehani ya Tryphosa, na hata siku hiyo, mwoga mimi, nilikwenda na koti lililochanika mfuko ili nipate kisingizio. Nikamwambia, "Nisamehe, Tryphosa. Nilikufanya kichekesho." Alitunga uzi mara tatu ndipo ukaingia kwenye sindano. Akashona, akakata uzi kwa meno, akanirudishia koti. Kisha akainua mkono wake mbele ya uso wangu.

"Hivi ni vingapi?"

"Vinne," nikasema.

"Kumbe," akasema, "swali lenyewe ni fupi hivyo."