Mbwa wa Akidor Hakuwa na Kosa

Akidor, mke wa Lomenen, aliuza maziwa ya mbuzi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wanawe wote, tangu Atiir wa kwanza, walikua na mbwa jike mweupe, aliyewalamba na kuwasafisha walipokuwa wachanga, kama ilivyo desturi kwetu.

Mwaka 1996 tumbo la Akidor lilianza kuvimba upande wa kushoto. Nyagoa, mteja wake kutoka Sudan, alimtania: "Mama Atiir, maziwa unatuuzia au unakunywa mwenyewe?"

Akidor alicheka. Nyumbani hakuna aliyecheka. Uvimbe wa tumbo Turkana tunaujua: ni mifuko ya maji inayoletwa na vijidudu vya mbwa, na dawa yake ni kupasuliwa. Lomenen akamnyonga mbwa nyuma ya boma. Kisha wakakaa kuwangoja madaktari wapasuaji wa kuzunguka, ambao Kakuma walipita mara chache. Akidor akakonda, akawa analowa jasho hata kwenye baridi ya alfajiri. Wakaendelea kungoja.

Walipofika hospitalini Lodwar ulikuwa mwaka mwingine. Picha haikuonyesha maji. Kilichovimba kilikuwa bandama, na damu iliyopelekwa Nairobi ilikuwa imejaa chembe nyeupe. Daktari alieleza polepole kwamba ni saratani ya damu. Kuna jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuziamuru chembe zikue. Kwa kawaida huamuru, kisha hunyamaza. Ndani ya uboho wa Akidor jeni hiyo ilikuwa imekatika na kuungana na nyingine, na sasa hainyamazi. Hitilafu hiyo hakuirithi, wala hakuambukizwa na mnyama. Vidonge vingepunguza chembe lakini visingeinyamazisha jeni, na vingemfaa zaidi kama angekuja mapema.

Akidor alimtazama mumewe. "Baba Atiir, tulimuua bure."

Lomenen akaenda kuchukua vidonge.

Vidonge vililishusha tumbo kwa muda, na majirani wakasema ni kwa sababu mbwa aliuawa. Basi mke wa Nanok, jirani yao, alipovimba tumbo, Nanok akatafuta kamba ya kumnyongea mbwa wao. Akidor alijikongoja hadi kwake.

"Mwache huyo mbwa," alimwambia. "Mpeleke mkeo Lodwar, wamtazame kwanza."

Uvimbe wa mke wa Nanok ulikuwa wa maji kweli. Alipasuliwa, akapona.

Akidor alifariki mwaka 1998. Baada ya maziko, Lomenen alimwuliza Nanok walingoja muda gani kabla ya kumpeleka mkewe Lodwar.

"Hatukungoja," Nanok alisema. "Mkeo alituambia, kesho yake tukaondoka."