Rula ya Marehemu Fusae

Barua ya chekechea ilipofika, Fundi Katsumi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akaisoma tena kwa sauti ili bintiye asipate kisingizio. Mtoto aje na mfuko wa vitabu wa sentimita arobaini kwa thelathini, mfuko wa viatu vya ndani, mfuko wa kikombe, na matambara mawili ya kufutia sakafu. Chini kabisa waliandika kwa adabu: vyote vishonwe nyumbani kwa mkono, ikiwezekana. Hapo kwenye "ikiwezekana" asikudanganye mtu. Kila mzazi wa mji ule anajua kuwa maana yake ni lazima.

"Nitaagiza mtandaoni," alisema Mihoko, bintiye. Alikuwa mlangoni anavua viatu, ametoka zamu ya jikoni hospitalini na miguu inamwaka moto. "Kuna akina mama wanashona na kuuza. Unaandika vipimo, unaletewa."

"Sasa huo utakuwa mkono wa nani?"

"Wa mtu, Baba. Mkono ni mkono."

"Wa mtu baki," alisema Katsumi, akakunja barua. "Nitashona mimi."

Mihoko alicheka. Alipoona babaye hacheki, akamtazama mikono. Ilikuwa mikono ya mtu aliyetengeneza mikeka ya tatami, ile minene ya majani inayofunika sakafu nzima, kwa miaka arobaini na sita, vidole vinene, viganja vigumu, na kiwiko cha kulia chenye sugu ya kukazia uzi. Sindano aliyoizoea ilikuwa ndefu kama kiganja. Katsumi aliwahi kupima vyumba ambavyo hakuna ukuta ulionyooka hata mmoja, na mikeka yake ikaingia bila kuacha upenyo wa unywele. Hilo alilisema mwenyewe kila alipopata mtu wa kumsikiliza, na hata alipokosa.

Lakini watu siku hizi wanataka sakafu ya mbao. Miaka miwili iliyopita alifunga duka, akamwachia mwanafunzi wake wa zamani vifaa vyote, hadi chuma chake cha kupimia. Tangu hapo kazi yake ikawa kufagia ua uliokwisha kufagiwa na kubishana na mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni. Tusizungushe maneno: hakuna aliyemhitaji, na jambo hilo lilikuwa linamtafuna. Alitaka mjukuu wake, Suzuna, siku ya kwanza ya shule atoke nyumbani na kitu kilichopita mikononi mwake. Basi, hakutaka kingine.

"Haya," alisema Mihoko mwishowe. "Mfuko mmoja tu, wa vitabu. Vingine nitavipiga mwenyewe kwa cherehani ya mama. Jumamosi nataka niuone. Sherehe ni Alhamisi inayofuata, sitaki kuaibika."

"Cherehani ni ya watu wenye haraka," alisema Katsumi. Kwake alikuwa ameshashinda.

Kitambaa alikitafuta nyumba ya pili, kwa Mama Naruse. Huyu mama alishona sare za wanafunzi kiwandani kwa miaka thelathini, na alikuwa rafiki wa marehemu Fusae, mke wa Katsumi. Mdomo wake haukuwa na breki. Alimtolea kipande kikubwa cha jinzi, kigumu, cha buluu iliyokolea, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Utaweza kweli, Fundi? Hiki ni kitambaa, si majani."

"Nimeshona majani magumu kuliko maneno yako."

"Na sindano utashika ile yako ya kuchomea nyama?"

"Nitashika ya Fusae," alisema Katsumi, na Mama Naruse akamkodolea macho.

Kwa maana sanduku la kushonea la Fusae lilikuwa lake peke yake. Katika maisha yao yote ya ndoa mle ndimo zilimotoka nguo za Mihoko, wanasesere wa vitambaa, vifuko vya maharage vya watoto kurushiana, na zawadi za nusu ya mtaa. Katsumi hakuruhusiwa kuligusa. Siku moja alichukua mkasi wake akakatia kamba ya katani, akanuniwa wiki nzima. Sasa Fusae alikuwa na miaka minne kaburini, na mumewe alipoinua kifuniko alimwomba radhi kimoyomoyo.

Mle alikuta sindano, subana, nyuzi, na rula ya mianzi iliyong'aa kwa kushikwa. Hapo kazi ikaanza. Sentimita kwa Katsumi ni hesabu ya watoto wa shule. Yeye maisha yake yote amepima kwa shaku, kipimo cha mafundi wa zamani. Alifumba macho, akageuza arobaini na thelathini kichwani bila karatasi, akapata shaku moja na ushei kwa upana, na pungufu kidogo ya shaku moja kwa kimo. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Akaweka rula juu ya jinzi, akachora kwa chaki, akakata bila kusita.

Kushona kwenyewe kulikuwa sinema. Aliketi sakafuni, akachomeka sindano, akauvuta uzi juu kisha akaukandamiza kwa kiwiko, pu, kama alivyofanya kwa kila mkeka. Uzi wa Fusae ulikatika mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Sindano nayo ikavunjika. Ndipo akaenda bandani akachimba mabaki ya uzi wake wa mikeka, ule wa kupakwa nta, na sindano moja ya zamani aliyokuwa ameificha asimpe mwanafunzi.

Suzuna, mwenye miaka mitatu na nusu, alimkalia mbele muda wote akiwa ameshika mashavu.

"Babu, mbona unaupiga?"

"Siupigi. Naukaza."

"Umekosa nini?"

"Haujakosa kitu. Nataka usifumuke."

Suzuna aliufikiria mfuko ule kwa huruma, akaupapasa. Pu, kiwiko kikashuka tena.

Ijumaa jioni ukawa umekwisha. Mishono ilikuwa imenyooka, pembe zimekaa sawa, na mfuko ukisimamishwa unasimama wenyewe kama ndoo. Katsumi aliutazama kutoka mbali na kutoka karibu. Kuna kitu kilimwasha kichwani, akawaza kuwa mifuko ya watoto wa siku hizi bila shaka ni mikubwa, maana na vitabu vimekuwa vikubwa. Akalala.

Jumamosi asubuhi, Mihoko akiwa zamu, Suzuna alivishwa kofia ya shule na kupewa mfuko aujaribu. Alipiga hatua tatu. Sehemu ya chini ya mfuko ilikuwa inafagia sakafu, hatua ya nne ikamgonga visigino, na ya tano akaingia ndani ya mfuko kichwa kwanza. Hakulia. Alijipanga vizuri mle ndani akabaki anachungulia.

Ndivyo alivyowakuta Mama Naruse, aliyekuja na sahani ya mochi, vile vikeki vya mchele.

"Bwana Katsumi, hiki ni kipimo cha wapi?"

"Cha barua. Arobaini kwa thelathini."

Mama Naruse alitoa futi ya kitambaa kwenye mfuko wa aproni, akapima, akapima tena. "Hamsini," alisema. "Na huku thelathini na saba na nusu. Umepimia nini?"

Katsumi akaleta rula. Mama Naruse aliiona tu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka sahani chini na kuketi kwenye ngazi ya mlango.

"Hii ni shaku ya nguo, wewe mwanamume. Inazidi yenu ya ujenzi kwa robo nzima. Msichana yeyote wa rika letu alifundishwa hilo kabla ya kujua kusuka nywele."

Na ubaya ni kwamba Katsumi naye alilijua. Kila mtu wa umri wao anajua kuwa watu wa kitambaa na watu wa ujenzi wana shaku mbili, jina moja, urefu tofauti. Ila yeye alikaa nyumba moja na rula ile kwa miaka arobaini bila kuishika hata mara moja, na siku alipoishika, mkono wake ukaamini ni chuma chake. Fundi wa unywele akakosea sentimita kumi. Uso ulimwiva mpaka masikioni.

"Tufumue, tukate upya," alisema Mama Naruse, akipangusa machozi. Akachukua kiwembe cha kufumulia. Baada ya nusu saa alikuwa amefumua mishono mitatu, na kiwembe kimepinda. "Umeshona mfuko au umejenga ukuta?"

Wakiwa katika hali hiyo, mtu wa vifurushi akagonga hodi. Kifurushi kilikuwa cha Mihoko, laini, chepesi. Suzuna hajawahi kuona kifurushi akakiacha kimefungwa, na kabla babu hajatoa neno, karatasi ilishachanika. Ndani mlikuwa na mfuko wa vitabu wenye sungura weupe, sentimita arobaini kwa thelathini, na kibandiko cha kuandikia jina. Mama Naruse akakumbuka ghafla kuwa ameacha sufuria motoni, akaondoka.

Mihoko aliporudi mchana alimkuta babaye mezani, mifuko miwili mbele yake.

"Uliagiza lini?"

Mihoko angeweza kudanganya, ila alikuwa amechoka. "Jumatatu."

"Jumatatu ndiyo siku uliyonipa kazi."

"Ndiyo, Baba. Niliogopa. Mama wengine wote wanakuja na waume zao na vitu vimekamilika. Mimi nikija na upungufu hata mmoja, watasema ndiyo yule aliyeachwa. Sikutaka Suzuna asikie."

Katsumi alikuwa ameandaa maneno makali tangu asubuhi, ameyapanga kwa mafungu. Lakini lile jitu la sentimita hamsini lilikuwa limesimama palepale mezani linamtazama. "Ulifanya vizuri," alisema. "Nimekosea kipimo." Mihoko alikuwa na miaka thelathini na minane, na maneno hayo hakuwahi kuyasikia kutoka kinywa kile.

Suzuna alipoulizwa anataka upi, hakufikiri. "Sungura," alisema, akaukumbatia, akaenda zake. Katsumi aliumia. Alijua ni mtoto, alijua sungura wanapendeza, na bado aliumia kama mtu mzima anavyoumia, kimya na kwa muda mrefu. Alijaribu kuukunja mfuko wake, haukukunjika. Akausukumia kabatini nyuma ya mablanketi ya baridi.

Alhamisi alivaa tai, akaenda kwenye sherehe, akapiga makofi pale walipopiga wengine. Sungura walipita mbele yake begani kwa mjukuu, na akakiri kuwa aliyewashona anajua kazi. Mishono ilikuwa milegevu kidogo, lakini hilo hakulisema. Mwaka mmoja nyuma angelisema.

Ijumaa asubuhi aliamka akakuta kabati wazi, mablanketi yamesukumwa kando na mfuko haupo. Mihoko alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Katsumi hakumuuliza mtu, maana hapakuwa na wa kumuuliza. Alifagia ua mara tatu.

Jioni mlango ulifunguka, Mihoko akautua mfuko sakafuni, nao ukasimama wenyewe. Ndani mlikuwa na mabuti ya jikoni, aproni mbili, taulo, mkebe wa chakula na koti la mvua, na bado palibaki nafasi. Hakusema asante, wala hakusema umependeza. Alikunja mikono, akamtazama babaye kama wateja walivyokuwa wakimtazama dukani.

"Huu mfuko una kasoro," alisema. "Mikanda ni mifupi, nikivaa koti haipiti begani. Na hauna kifuko kidogo ndani. Funguo zinazama, nimezitafuta pale mlangoni robo saa, mvua inaninyeshea."

Katsumi akaushika, akaupindua, akaugonga kwa kidole. "Mikanda ni kazi kubwa," alisema. "Hii haifumuki."

"Najua haifumuki. Leo nimebeba mabuti ya watu wawili, haukulia hata uzi mmoja."

"Unautaka lini?"

"Jumatatu nina zamu."

Katsumi aligeuka akatazama kalenda ukutani. Mwezi mzima ulikuwa mweupe, isipokuwa siku ya kutoa takataka za chupa. Akajikuna kidevu taratibu.

"Jumatatu ni ngumu," alisema. "Nina kazi nyingi."

"Najua, Fundi," alisema Mihoko. "Ndiyo maana nimewahi kuja."